Maji ya Bluu Hayali Bluu

"Mdogo wangu, leo ukinifanyia mzaha, hunijui sikujui," dada alisema.

Niliapa. Mwalimu mkuu alikuwa njiani kuja maabara. Asipoona kifaa cha kupimia rangi kikifanya kazi, chumba kinageuzwa stoo ya madawati, na dada anabaki kufundisha kemia kwa chaki tu.

Kifaa nilikiunda mimi. Boksi la viatu, ndani jeusi tii. Tochi upande mmoja, kisha kipande cha CD kinachopasua mwanga uwe mistari ya rangi, na tundu jembamba la kupitisha mstari mmoja tu hadi kwenye kichupa cha maji. Nyuma ya kichupa, jicho la kuhisi mwanga nililong'oa kwenye taa mbovu ya bustani, limeungwa na mita. Dawa ikizidi majini, mwanga unamezwa, namba inashuka. Hata mtu aliyeacha chuo mwaka wa pili kama mimi anaelewa.

Maji matupu: 412. Maji ya mrututu, ile chumvi ya shaba, bluu ya kutisha: 410.

"Nini hiki?"

"Sijui, dada."

"Wewe!"

"Haki ya Mungu sijui!"

Nikabadilisha betri. 410. Nikafuta kichupa kwa shati. 411. Eti imepanda!

Mwalimu mkuu akaingia, mikono mfukoni. Tangu sabuni niliyomtegea ofisini kwake imgeuze viganja kuwa vya zambarau, hagusi kitu nikiwepo. "Profesa Nusu, leo umetutegea nini?"

"Hakuna mtego, mzee."

Hakuna aliyeniamini. Dada akainamia boksi. "Umepitisha rangi gani?"

"Bluu. Si maji ni ya bluu?"

Akanikodolea macho. Akasogeza CD kwa ukucha mpaka mstari mwekundu ukaangukia tunduni. Maji matupu: 380. Mrututu: 90.

"Maji haya yanameza nyekundu," akasema. "Bluu yanaiachia, ndiyo maana unaiona." Mara akaangua kicheko, akanipiga begani. "Kumbe ulikosea makusudi, ili tuone tofauti!"

Mwalimu mkuu akatoa mkono mmoja mfukoni. "Ufundishaji mzuri huo. Madawati tutayatafutia kwingine. Kesho uje uwaeleze wanafunzi hivyo hivyo."

"Makusudi, sivyo?" dada akauliza.

"Makusudi kabisa."

Wakatoka. Nikabaki na boksi langu, nikijitazama kifuani. Shati langu ni jekundu. Sasa na hili nalo limemeza rangi nyingine zote, likaikataa nyekundu? Mbona basi ndiyo rangi pekee lililo nayo?