Matangi Yasiyo na Paa

Ramani ya kompyuta ilipotundikwa ofisi ya kata, Mwembesongo ilipakwa kijani. Maana yake masika hii malaria haitalipuka, na dawa ya kuua viluwiluwi vya mbu ipelekwe kwingine.

Eufrazia aliitazama, mikono kiunoni. Masika iliyopita mtaa wake ulizika watoto watano.

"Shikamoo mama," alisema Geofrey, mtaalamu aliyeileta.

"Marahaba. Nani kaiambia hiyo mashine kwamba sisi wazima?"

"Tumeifundisha, mama. Picha za setilaiti, mvua, mito, michoro ya majengo. Inabashiri yenyewe mbu watazaliana wapi."

"Na kiwanda cha nguo imeambiwa kikoje?"

Geofrey akapekua. "Matangi kumi na manane ya rangi. Yana paa la bati."

Eufrazia aliguna. Miaka kumi na tisa alichanganya rangi humo. Kilipobinafsishwa, aliwaona wamiliki wapya wakiuza mashine, wakauza nyaya, wakang'oa na bati lenyewe, kisha wakafunga geti. Yeye na wenzake waliambiwa soko huria litawanyanyua. Mpaka leo wamekaa chini.

"Mchoro wako wa lini?"

"Themanini na mbili."

"Mwanangu, umeifundisha kompyuta nchi iliyokwisha kuuzwa. Twende."

Walipenya palipobomoka ukuta. Matangi yalikuwa wazi, maji ya mvua yametulia, jua linayapiga. Geofrey akachota kwa upawa. Viluwiluwi tele, vinajinyonganyonga. Tangi la pili, vilevile. La tatu hakuona haja ya kuchota.

"Kwani wanasema kiwanda kimekufa?" alisema Eufrazia. "Mbu hawa wanapiga shifti zote tatu."

Geofrey hakucheka. Alitoa kidude chake cha kupimia mahali, akazunguka tangi kwa tangi, Eufrazia mbele akimwonyesha hata yaliyofichwa na magugu. Kompyuta ikafundishwa upya. Ramani ya pili ikaiva nyekundu: Mwembesongo, wiki ya tatu ya Aprili. Dawa ikamwagwa matangi yote kumi na manane, Eufrazia akihesabu kwa sauti.

Masika ikanyesha haswa, milima ya Uluguru ikapotelea mawinguni. Wiki ya tatu ya Aprili, Eufrazia akaingia zahanati. Nesi Winfrida alikuwa anafuma sweta.

"Shikamoo mama. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi hata kucha."

Akaliendea benchi la wagonjwa, refu, tupu. Akakaa katikati yake, akanyoosha miguu.

"Nimekuja kukaa tu."