Posa ya Ukurasa Mmoja

Barua ya tano ilifika Makebuko siku ya soko, imekunjwa pamoja na hadithi aliyoituma, na Elias aliisoma akiwa amesimama kando ya magunia ya maharage. Hakuhitaji kukaa. Barua za jarida la Ukindu alikwisha kuujua mpangilio wake: kwanza shukrani, kisha pole, kisha jina la mhariri, Shakila Waziri, Muyinga.

"Tunakushukuru kwa kutuletea hadithi yako," ilisema barua. "Kwa sasa hatuna nafasi. Usisite kutuletea nyingine."

Aliitia mfukoni, akauza maharage yake, akarudi nyumbani na kumwambia mkewe kwamba ameacha kuandika.

"Umeacha lini?" Anisia aliuliza.

"Leo. Saa nne na nusu."

Elias alikuwa mtu wa tarehe na saa. Uandishi alijifundisha mwenyewe kule Tanzania, kambini alikokulia, kwa kusoma kila kilichochapishwa, hata maelezo ya kwenye makopo ya maziwa. Tangu arudi Burundi na kupata shamba la wazazi wake, alikuwa akiandika kwa saa moja kila asubuhi kabla ya kushika jembe. Miaka sita sasa. Hadithi tano, barua tano, zote ndani ya faili la plastiki. Na alikuwa amejiwekea ahadi: ya tano ikikataliwa, saa ile ya asubuhi ni ya maharage.

Anisia hakubishana naye. Alifanya jambo baya zaidi: alimwita baba mdogo.

Mzee Fabiano, mdogo wa marehemu baba yake Elias, alikuwa msemaji wa posa. Kutoka Makebuko mpaka misheni ya Mutoyi, mtu akitaka kumwoza kijana wake alimtafuta Fabiano avae koti akaseme. Kazi hiyo ina utaratibu wake. Wageni hufika, wakasema wanatafuta ng'ombe aliyepotea. Wenyeji husema ng'ombe hatukumwona. Wageni husema basi labda kuna binti. Wenyeji husema binti hatuna, na hata angekuwepo, kwa sasa haiwezekani. Na kila mtu anajua kwamba binti yuko chumba cha pili, anavaa. Msemaji anayeaga kwa sababu ameambiwa "hatuna" hajaijua kazi.

Fabiano aliomba zile barua. Alizisoma zote tano, taratibu, kwa kidole.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "hapa nani amekukataa?"

"Wao, baba. Mara tano."

"Hapa wanakushukuru. Umeona wapi mtu anamshukuru anayemfukuza? Halafu wanasema: kwa sasa hatuna nafasi. Ndiyo maneno yenyewe! Mimi nimeambiwa hayo kwenye nyumba arobaini, na zote arobaini tumetoka na mke. Halafu: usisite. Usisite, Elias! Wenzako wanakwambia mlango uko wazi, wewe unarudi nyumbani kupalilia." Akamgeukia Anisia. "Mkamwana, watu wa Muyinga wanatuonaje sisi? Kijana anaposa mara tano, peke yake, kwa bahasha, kama hana wazee. Hata mimi ningemkatalia."

"Baba, hii ni barua ya ofisi. Watu wote wanaandikiwa hivyo hivyo."

"Na kwenye posa wote wanaambiwa hivyo hivyo. Ndiyo maana ikaitwa desturi."

Tusimcheke haraka. Alichokijua alikijua vizuri. Kosa lake lilikuwa kukipeleka mkoa mwingine, kwenye mambo mengine.

Jumamosi walipanda gari Gitega, wakaenda Muyinga kwa njia ya Karuzi. Mzee alivaa koti la kijivu, na miguuni pake kulikuwa na kreti ya Fanta, maana Anisia aliwakumbusha kwamba mhariri ni Mwislamu, na pombe ya ndizi ingeivunja posa kabla ya salamu. Elias alikubali kwenda kwa sababu hangeweza kumwacha mzee asafiri peke yake. Ndivyo alivyojiambia. Hakujieleza kwa nini alikuwa amebeba na hadithi.

Ofisi ya Ukindu ilikuwa duka la fotokopi karibu na soko. Shakila, mwanamke wa miaka arobaini hivi, miwani imepandishwa juu ya mtandio, alikuwa akipigana na karatasi iliyokwama kwenye mashine. Kwenye benchi, baba yake, Mzee Waziri, fundi cherehani aliyestaafu, alikuwa anakunywa chai.

"Hodi," alisema Fabiano, akaitua kreti sakafuni chupa zikalia. "Sisi tumetoka Makebuko. Tunatafuta ng'ombe wetu."

Shakila akainua kichwa. "Ng'ombe? Hapa ni fotokopi."

Lakini Mzee Waziri alikuwa ameshaweka kikombe chini. Uso ulimchangamka kama wa mtu aliyesikia jina lake redioni.

"Ng'ombe hapa haiko," alisema. "Kaeni kwanza."

"Basi labda kuna kingine ndani ya nyumba hii."

"Bon, iko binti yangu mdogo, Zuena. Lakini iko Bujumbura, anasoma uuguzi, na mi sijaambiwa kitu! Shakila, we ulijua?"

"Papa, hawa watu mi siwajui!"

Elias alikuwa akisoma tangazo la fotokopi za rangi ukutani, kwa makini sana.

"Si Zuena," alisema Fabiano. "Tunaposa ukurasa." Akamsukuma Elias mbele. "Kijana wetu ndiye huyu, Elias."

Shakila alishusha miwani. "Elias wa Makebuko? Yule wa kila siku jua linachomoza? Nilikuandikia barua. Haikufika?"

"Ilifika, dada. Utusamehe, sisi tunaondoka..."

"Munaondoka kwenda wapi?" Mzee Waziri alidakia. "Kreti iko hapa. We kaa." Kumbe naye alikuwa msemaji wa ndoa za mtaa wao miaka ishirini, na tangu meno yalipompungua hakuna aliyemwita. Aliiweka sawa kofia yake. "Upande wa ukurasa nasema mi. Ukurasa hatuna."

"Tumesikia," alisema Fabiano kwa furaha kubwa.

"Na hiyo hadithi yenu iko na sura gani? Iko na adabu? Hatuwezi kupokea kitu hatujui."

Hapo Elias alishikwa na hofu ya kweli. Baba mdogo hakuwahi kusoma hata mstari mmoja. Alichokijua ni kile alichosimuliwa na Anisia jana yake, walipokuwa wanamenya viazi.

"Ni habari ya mtu," Fabiano alianza, "aliyerudi kutoka Tanzania na mlango. Kambi imefungwa, lori limefika, wenzake wanapakia masufuria na magodoro, yeye ameng'oa mlango. Mpakani afisa anamuuliza, nyumba yenyewe iko wapi? Anajibu, inakuja nyuma."

Mzee Waziri alicheka mpaka akamwaga chai. Shakila aliiacha mashine.

"Anafika kwao. Shamba limekuwa kichaka, nyumba hakuna. Anausimika mlango katikati ya majani, anaufunga kwa ufunguo. Jirani anakuja kusalimia, anakuta mlango umesimama peke yake. Anauzunguka? Hauzunguki. Anapiga hodi."

"Na mwenye mlango?" aliuliza Waziri.

"Mwenye mlango..." Fabiano alikohoa. Viazi vya Anisia vilikuwa vimeishia hapo. "Hilo atalisema kijana."

Elias akasema. Hakupata nafasi ya kupamba. Alisema yule mtu alikuwa ameketi kwenye nyasi nyuma ya mlango, wanaonana na jirani yake waziwazi, na bado akasubiri hodi ya pili, kwa kuwa miaka thelathini hakuwa na mahali pake pa kupigiwa hodi. Kisha akainuka, akafungua, akasema karibu ndani. Na jirani akajifuta miguu kwenye majani kabla ya kuingia.

Shakila alinyoosha mkono, akachukua karatasi. "Hii yote iko ndani ya hii? Hii nilisoma. Sikuona mlango."

"Uko ukurasa wa saba."

"Wa saba! Na hizi sita?"

"Jua linachomoza."

"Kurasa sita?"

"Na vilima kidogo."

Mzee Waziri alimwinamia Fabiano. "Mzee mwenzangu, munatuletea mashangazi sita mbele, bibi harusi mumemufungia jikoni? Nani angengoja?"

"Hata mimi ndio namwona leo," alisema Fabiano kwa aibu.

Shakila alichomoa penseli nyuma ya sikio. "Sikiliza, kaka Elias. Nakukatalia."

Fabiano alitabasamu, akajiweka vizuri kwenye benchi.

"Hapana, Mzee, hii nakataa ya kweli! Hivi ilivyo siichapi." Akapiga mstari mrefu juu ya ukurasa wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. "Lakini ungeandika vile umesema sasa, ningesoma mpaka mwisho. Sikusema ningechapa. Nimesema ningesoma."

Kwa miaka sita Elias hakuwahi kuambiwa neno ambalo halikuwa la watu wote. Aliomba kalamu.

Aliandika kwenye kaunta, kati ya stapla na marundo ya karatasi, watu wakija na vitambulisho vyao vya kutoa kopi. Nyuma yake wazee waliendelea. Kwenye Fanta ya pili walikubaliana kwamba ukurasa upo. Kwenye ya tatu waligombana ni upi, maana Fabiano alitaka ule wa jalada, na Waziri aliapa kwamba wa jalada hatoi hata kwa ndugu yake.

Ilipoadhiniwa alasiri, Elias alikabidhi kurasa nne. Shakila alisoma amesimama. Alicheka mara moja, mahali ambapo Elias hakutarajia. Kisha penseli ikatoka tena.

"Hapa mwisho. Jirani akishajifuta miguu, mi nimeelewa. Lakini we unaendelea kunifundisha maisha mistari kumi." Akamrudishia. "Bado. Hapana."

Mvua iliwakuta njiani. Walipofika Karuzi, Mzee Fabiano alimgeukia Elias.

"Mwanangu, nieleweshe," alisema. "Yule mama amekataa tena?"

"Amekataa."

"Kukataa kwa desturi, au kukataa?"

"Kukataa, baba."

Mzee akatikisa kichwa. Nyumba arobaini, na hii ya kwanza kumshinda. Kisha akaona kwamba Elias ameweka karatasi mapajani, anakata mistari kwa penseli, na gari likirukaruka anangoja, halafu anaendelea.

"Sasa unachekea nini?"

"Amesema mistari kumi," alisema Elias. "Mimi nahesabu kumi na miwili."