Mkono Ulioachia

Mzee Chenga hakupenda kuitwa mwalimu. Mwalimu, alisema, hufundisha watu ukweli, na yeye kazi yake ni kufundisha watu kudanganya. Ngumi ipite pembeni mwa shavu, kamera ione imetua; jamaa aangukie godoro, watazamaji washike vinywa. Ujana wake wote aliporomoka ngazi mbele ya kamera mpaka goti moja likagoma, na sasa aliwapangia wenzake mapigano, na mdomo wake, jamani, haukuwa na breki.

"Pigano zuri linabebwa na nani?" aliwauliza waigizaji wake wawili, mwanamume na mwanamke, siku ya kwanza ya mazoezi.

"Anayepiga," alijibu mwanamume.

"Kaa chini. Ndiyo maana mnavunjana pua bure. Linabebwa na anayepigwa! Yeye ndiye anayeruka, ndiye anayelia, ndiye anayeamua. Wewe mwenye ngumi ni pambo tu."

Watu wakaangua kicheko. Mwanamke hakucheka. Huyo alikuwa mpwa wake, mtoto wa marehemu dada yake, aliyemlea tangu akiwa hajui kufunga kamba za viatu. Mwanamume alikuwa mumewe, na ndani ya filamu pia wangeigiza mtu na mkewe: ugomvi jikoni, mume anamkaba mke koo.

Kukabana kwenye sinema kuna sheria moja, na Mzee Chenga aliirudia mpaka ikawachosha. Mkabaji anaweka mikono tu, hakazi. Anayekabwa ndiye anayeshika viganja vya mwenzake na kujivutia, ndiye anayetetemeka, kazi yote ni yake. Akiachia, mchezo umekwisha. Mkabaji anaondoa mikono hapo hapo, hata kama paa linaanguka.

Mazoezi yakaanza, na kitu kikamkera mzee. Kila mara mume alipojiandaa kuinua mkono, mpwa wake alikuwa ameshageuza uso.

"Unamwahi, mwanangu. Kofi bado liko njiani wewe umeshaumia. Subiri ulione."

"Nimezoea, Mjomba." Kisha akaongeza haraka, "Yaani, tunafanya mazoezi nyumbani."

"Sana," alisema mumewe, akicheka.

Jioni hiyo fundi wa mavazi akamvuta mzee kando. "Bibie hataki tena nimvalishe. Anajifungia chooni. Sisi tuliokuwa tunavalishana huku tunataniana!"

Mzee alimfuata mpwa wake kwenye chumba cha mavazi. "Niambie, mwanangu. Huko kwako kuna amani?"

"Ipo, Mjomba," alijibu, macho sakafuni. Mzee alipogeuka akamkuta mumewe mlangoni, ameshika soda mbili, anatabasamu. Hakujua alikuwa amesimama pale tangu lini. Mzee alijilaani njia nzima ya kurudi nyumbani kwa kuuliza swali lile mahali pale. Usingizi haukuja. Kama ni kweli, basi mikono itakayomuua mtoto wa dada yake ameifundisha yeye mwenyewe. Na kama si kweli? Atavunja nyumba ya watu kwa sababu ya macho yake ya kizee?

Siku ya kupiga picha, jiko la kuigiza lilikuwa tayari: masufuria ukutani, sinki lisilo na maji, meza ya kuvunjika kirahisi. Mwongozaji alikuwa akizunguka akisugua mikono.

"Leo nataka ukweli!"

"Ukweli unakuja na daktari," alinung'unika Mzee Chenga, akasimama nyuma ya taa.

Kamera ikawaka. Sahani zikaruka. Mume akamsukuma mkewe hadi ukutani, akamkaba. "Safi," mwongozaji alinong'ona, pua inakaribia kugusa skrini. "Safi kabisa."

Mzee hakuangalia uso wa mpwa wake, kwani uso wa mwigizaji ni wa kazi. Aliangalia mikono. Ilikuwa imeshika viganja vya mume, kama alivyofundisha. Halafu vidole vikafunguka. Mikono ikashuka, ikaning'inia. Na macho yake yakamwacha mumewe, yakamtafuta Mjomba nyuma ya taa.

Mzee akasubiri mume aondoe mikono. Hakuondoa.

"Simamisha!" mzee alipiga kelele.

"Thubutu!" alifoka mwongozaji. "Endeleeni!"

Goti likasahau ugonjwa wake. Mzee aliipiga kikumbo stendi ya taa, akaingia jikoni, akakamata vidole gumba vya mkwe wake na kuvipinda kwa namna ambayo hajawahi kumfundisha mtu. Mume akalia. Mpwa akateleza ukutani hadi chini, anakohoa.

"Umeniharibia!" mwongozaji alikuwa karibu kulia. "Sijawahi kupata pigano kama lile!"

Mume alikuwa akipuliza vidole, tabasamu limesharudi. "Mjomba naye! Si tulikuwa tunaigiza? Amesahau tu kushikilia." Akamnyooshea mkewe mkono amwinue. "Si ndiyo, mpenzi?"

Watu wote wakamtazama yule mwanamke. Mkono ulikaa hewani, hakuushika.

"Sikusahau," alisema, sauti imekwaruza. "Nyumbani huwa naachia kila mara, Mjomba, na yeye haachii. Leo nimeachia mbele za watu."

Mpiga picha akanyoosha kidole kuzima kamera.

"Usiiguse," alisema Mzee Chenga.