Kikombe cha Tuva

Mgongo ulipomkatalia kabisa, Tuva aliacha gofu ya kulipwa, akamfuata mumewe, mhandisi wa mgodi, hadi Geita. Kutoka Uswidi alibeba kikombe kimoja tu, cha ubingwa pekee aliowahi kuupata.

Mama Wilbard, aliyemsaidia kazi za nyumbani, alikuwa akikipangusa vumbi alipouliza kilipatikana vipi. Tuva alijibu bila kufikiri, kama alivyozoea kuwajibu waandishi wa habari: fainali ilikuwa Jumapili, na Jumapili hiyohiyo baba yake alikuwa anazikwa. Akachagua kucheza. Magazeti ya kwao yakamsifu eti ana moyo wa chuma.

Mama Wilbard alikirudisha kikombe mezani taratibu. "Hukumzika baba yako?"

Kesho yake akina mama wa jumuiya ya kanisani kwa Mama Wilbard walikuja wamejifunga kanga, wamebeba unga na kuni, kama watu waendao msibani. Wakasukuma viti ukutani, wakatandika mikeka, wakaketi chini. Tuva alijaribu kuwaeleza kwamba miaka mingi imeshapita. "Pole, mama," walisema, wakamvuta akae katikati yao, wakaanza rozari. Hapo ndipo kilio kilipomtoka.

Alipotulia, bibi mmoja alimshika mkono, akamuuliza kwa upole kaburi la baba liko upande gani wa nyumba, ili wakati wa kumwombea wageukie huko kwa mawazo.

Tuva alikuwa amezunguka dunia nzima na fimbo zake za gofu, lakini huko kaburini hakuwahi kufika.