Jina Chini ya Maoni

Dada yangu Marit haoni tangu azaliwe, na kwa miaka mingi mwajiri wake hakulijua hilo. Madaktari wa hospitali moja kule Minneapolis walirekodi maelezo ya wagonjwa kwa sauti, naye akiwa hapa nyumbani kwetu Duluth aliyasikiliza na kuyachapa. Alipimwa kwa simu, akaajiriwa kwa simu. Hakuna aliyemuuliza habari ya macho, naye akanyamaza.

Kompyuta yake ilikuwa ikimsemesha. Programu iliyomsomea kila neno ilitungwa na Clifford Nyquist, mwalimu mstaafu wa hesabu, kipofu mwenziwe, ambaye aliigawa bure kwa yeyote aliyeitaka. Kisha kampuni ya Tarvik, ambayo mfumo wake uliendesha karibu kila kompyuta nchini, ikatoa toleo jipya. Kwenye toleo hilo programu ya Clifford ikawa bubu, Marit akabaki na la zamani. Undani wa mfumo, ambao mtunzi wa programu hana budi kuujua ili programu yake ifanye kazi humo, Tarvik iliufungulia makampuni machache rafiki zake tu, wengine shauri yao.

Serikali ilikuwa imekwisha kuishtaki Tarvik kwa ukiritimba. Suluhu ya kesi ilipotangazwa kwamba kampuni itafungua undani wake, mimi na Marit tulishangilia. Clifford akapiga simu.

"Acheni vigelegele. Mmekisoma kifungu chenyewe? Watakaofunguliwa ni 'makampuni yanayofanya biashara'. Mimi na kompyuta yangu jikoni ni kampuni gani?"

"Si ujisajili, Cliff?" Marit akasema.

"Halafu niuze nini? Nimechoka, Marit. Mimi basi."

Akakata simu. Marit akaniambia kwamba hakimu hajaipitisha ile suluhu. Kabla hajaipitisha, mwananchi yeyote anaweza kupeleka maoni, na serikali inalazimika kuyajibu.

"Nitaandika, Berit."

Nikacheka. "Wewe! Wanaandika watu maelfu, wengine matusi matupu. Nani atakuona?"

"Sheria inawataka wasome."

"Na wayaanike hadharani pia, pamoja na jina lako. Bibi Pruitt akiliona je?"

Bibi Pruitt ndiye aliyekuwa msimamizi wake hospitalini. Marit alikizungushazungusha kikombe cha kahawa mezani.

"Basi andika, ila usitaje kwamba huoni," nikamwambia.

"Sasa nitakuwa nimesema nini?"

Akaandika. Alieleza anavyofanya kazi, na jinsi mtu mmoja asiyeuza kitu alivyompa riziki, na kwamba suluhu inayowasahau watu kama huyo inamfungia yeye mlango. Akatia jina lake kamili, akatuma. Baada ya chakula cha mchana akanijia jikoni.

"Siwezi kuyarudisha?"

"Maji yakimwagika hayazoleki, dada."

Tangu hapo kila simu ilipolia alishtuka. Hospitali nayo ikatangaza kwamba wachapaji wote watahamia toleo jipya la Tarvik theluji ikiyeyuka. Niliona anakonda. Siku maoni yalipowekwa mtandaoni, nililitafuta jina lake, nikalikuta, nikamwambia lipo. Akaitikia "Ehe," akarudi kwenye kazi yake.

Bibi Pruitt alipiga simu asubuhi moja nikiwa naondoa theluji mlangoni. Nilipoingia, Marit alikuwa amesimama, kiganja ukutani.

"Umenificha miaka yote hii," sauti ilitoka, kubwa hata mimi nikaisikia. "Nimekasirika, ujue."

"Najua. Niliogopa usingenichukua."

"Labda kweli nisingekuchukua," Bibi Pruitt akasema, taratibu sasa. "Naona haya kusema hivyo. Sikiliza. Kazi yako siirekebishi, nyingine zote nazirekebisha. Wewe usihame. Nimewaambia watu wa kompyuta wakuachie toleo la zamani mpaka utakapokuwa tayari. Wamenuna, na wanune."

Marit alitaka kumshukuru, akalia, mimi nikachukua simu nikashukuru kwa niaba yake.

"Huyu nani tena?" Bibi Pruitt akauliza.

"Dada mtu."

"Wewe unaona?"

"Naona vizuri."

"Haya, mtazame basi, ale kitu!"

Majibu ya serikali yalitoka baadaye. Watu kadhaa, si Marit peke yake, walikuwa wamekilalamikia kifungu kile, na kikabadilishwa: sasa kilimtaja mtu yeyote atengenezaye programu, auze au agawe. Hakimu akaipitisha suluhu pamoja na mabadiliko hayo. Marit ndiye aliyempigia Clifford.

"Cliff, wamekufungulia."

"Nani? Mimi?"

"Wewe na jiko lako."

Mzee akaguna. "Sasa mmenitafutia kazi! Nilikuwa nimeanza kuzoea kulala mchana."

Lakini alikuwa akicheka, na nyuma yake tukamsikia mkewe akiuliza kuna nini, naye akimjibu kwa kelele za furaha. Marit aliweka simu, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, akalala fofofo mchana ule mzima. Bosi wake alipopiga kuuliza jambo, nilimwambia amelala.

"Mwache alale," Bibi Pruitt akasema.