Kavuo Mmoja kwenye Orodha

Niseme ukweli mapema: Nadège nilimwonea wivu kabla hajafungua mdomo. Mimi nilikuwa CP, kiongozi wa darasa letu la kilimo, kwa miaka mitatu mfululizo. Nilijua nani anaumwa, nani amefiwa, nani anasinzia nyuma. Yeye alitufikia Septemba akitokea Beni, komini ya Ruwenzori, ambako baba yake, ofisa wa jeshi mzaliwa wa Kananga, alikuwa amehamishiwa. Alikuja na Lingala yake na kicheko cha kujaza ukumbi, na ndani ya wiki mbili kila mwalimu alimjua kwa jina.

Chuo chetu hapa Butembo kimejengwa kwenye mteremko. Mwaka jana udongo ulishuka ukameza vyoo vizima, kwa bahati hakukuwa na mtu ndani. Tangu hapo wakubwa wakataka kila darasa liwe na msimamizi wa dharura: mtu wa kupiga filimbi, kupeleka wenzake uwanja wa mpira na kusoma orodha ya majina, ijulikane nani amebaki ndani. Nilishajiona kwenye kazi hiyo. Siméon, mkuu wa nidhamu, akasimama mbele yetu akamchagua Nadège.

"Ule iko na sauti," akasema. "CP, utamusaidia, hein?"

Nimsaidie! Nilitabasamu hadi mashavu yakaniuma.

Jumatatu Nadège akaniletea orodha aliyoiandika mwenyewe, jina moja tu kwa kila mtu ili kuita kuende haraka.

"CP, angalia kama kuko makosa. Kavuo mulimuandika mara mbili, donc nikafuta moja."

Sasa, kwetu Wanande mtoto hupewa jina kwa kufuata nafasi yake ya kuzaliwa, kwa hiyo darasa moja linaweza kuwa na kina Kavuo wawili au watatu wasio na undugu wowote, na hakuna anayeshangaa. Sisi tulikuwa wawili. Mimi ni Kavuo, na yule msichana mpole anayekaa mbele ni Kavuo pia, ila tulizoea kumwita Musienene, kwa kuwa huko ndiko kwao. Mtu wa hapa asingefuta jina lile hata umlazimishe. Nadège alilifuta akidhani anasafisha kazi.

Niliona kosa papo hapo. "Iko bien, hakuna makosa," nikamwambia.

Zoezi la dharura lilipangwa Ijumaa mbele ya rekta, mkuu wa chuo. Nilitaka aumbuke siku hiyo, Musienene aulize mbona hakuitwa, watu wacheke. Aibu kidogo tu, basi.

Mvua haikungoja Ijumaa. Jumatano saa nane mchana udongo ulishuka juu ya maabara ya mbegu, ukabomoa ukuta wa nyuma. Filimbi ikalia. Na lazima nikiri, Nadège alijua kazi: alitutoa kwa mistari bila mtu kukanyagwa, akasimama kwenye matope ya uwanja akaanza kuita. Hata pale, nimelowa chapachapa, nilikereka kuona jinsi walivyomtii.

"Kavuo!"

"Présente!" nikaitika.

Akaita hadi mwisho. "Bote bako! Hakuna mutu ndani!"

Watu wakapiga makofi. Siméon akawazuia wanaume waliokuwa wanakimbilia maabara na majembe. "Muache! Mulima ungali unatembea. Mutakufa sababu ya bameza?"

Nikuambie kilichonijia kwanza? Furaha. Amekosea, na wote wapo. Nikamtafuta Musienene kwa macho nimsukume mbele. Sikumwona. Ndipo nikakumbuka kwamba mchana ule ilikuwa zamu yake ya kuchagua maharage maabara.

"Musienene!" Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika. "Hamukumuita Musienene! Iko ndani ya labo!"

Majembe yakarudi. Walimtoa baada ya saa moja na nusu, yuko hai, mguu wa kulia umevunjika mahali pawili.

Kesho yake nikawa shujaa. "CP njo anajua batu yake," Siméon alinisifu. Nadège alilia mbele ya darasa zima akijilaumu peke yake, akaomba aondolewe kazi ile. Hicho ndicho nilichokuwa nakitaka, na chakula kilinishinda siku tatu.

Jumapili baada ya misa nilikwenda hospitali. Nikamkuta Nadège ameketi kando ya kitanda, anamlisha Musienene uji. Alikuwa ameshamwambia kila kitu, kwamba ni mkono wake uliofuta lile jina, na Musienene alikuwa ameshamsamehe. Walikuwa wanacheka wakigombania kijiko. Wivu ukanishika upya, mbaya kuliko ule wa mwanzo. Hata msamaha yeye ndiye anaupata! Mimi ningesamehewa na nani, wakati hakuna aliyejua?

Musienene akanishika mkono. "Wasingya, CP. Bila weye ningelikufa."

Wengine wangeipokea ile asante wakaenda nyumbani. Mimi nilishindwa.

"Niliona tangu Jumatatu," nikasema. "Nadège alinionesha liste. Niliona jina yako imefutwa, nikanyamaza. Nilitaka bamucheke."

Kijiko cha Nadège kikabaki hewani. Musienene akaachia mkono wangu.

"Nadège," akasema, "nisaidie nigeukie ku ukuta."