Makopo Kumi na Mawili ya Udongo

Mjukuu wangu aliingia jikoni na makopo kumi na mawili ya udongo. Oveni ya ofisini kwao ilikuwa imekufa.

"Bibi, naomba jiko lako mpaka kesho."

"Tunapika udongo, mke mwenzangu? Kweli kuishi kwingi ni kuona mengi."

Yeye hupima unyevu wa mashamba kwa setilaiti. Ile inatuma mawimbi chini, ardhi inayarudisha, na ardhi yenye maji huyarudisha tofauti na ile kavu. Aliponieleza hivyo nikamtegea.

"Kitendawili."

"Tega."

"Haina jicho wala taa, na wingu kwake si pazia."

"Hicho umekitunga sasa hivi, Bibi."

"Na jibu lake ndilo linakulisha."

Siku hiyo hakucheka sana. Ramani yake ilionyesha shamba namba saba limelowa, na mvua ina miezi miwili haijaonekana. Mkuu wa mifereji, tunamwita Bwana Maji, alisema udongo usipothibitisha, ramani hizo anazitupa, na mjukuu wangu anarudi kuchapa barua. Bwana Maji mwenyewe ndiye aliyechota makopo sita ya juujuu, vumbi tupu. Mjukuu wangu akachota sita pale pale, kina cha kidole, maana mawimbi hayaishii kwenye vumbi, yanazama kidogo.

Tukayapima kwenye mizani yangu ya unga, yakakaa motoni siku nzima. Kesho yake Bwana Maji akaja kushuhudia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, usiguse, yanaunguza."

Tukapima tena, uzito uliopungua ndio maji yaliyotoka. Makopo yake yalipungua gramu mbilimbili. Ya mjukuu wangu, hakuna lililopungua chini ya gramu arobaini.

"Mizani ya unga hii," akasema Bwana Maji. "Haiaminiki."

"Baba, ingekuwa inadanganya, keki zangu zingeshanitia aibu."

Akaondoka, lakini asubuhi akapeleka watu na majembe shamba namba saba. Mita moja chini walikuta bomba la mfereji limepasuka, linamwaga maji ardhini.

Bwana Maji akapiga simu nyumbani. Mjukuu wangu akasikiliza, akasema, "Ndiyo, mzee. Shamba namba kumi na tisa pia linaonekana limelowa. Ndiyo, nitakuja na ramani zote."

Mimi niligeukia oveni nikaanza kuisugua matope, ili asiyaone meno yangu yote saba.